Jiwe Alilokalia Mama Constance

Mheshimiwa Msimamizi wa Teritware yetu ya Fizi. Bwana Mkuu wa Sekta. Wazee wa lubunga, baraza letu la wanaume, mnaojua kwamba zamu ya kusema huanza kwa mkubwa na kuishia kwa mwenye njaa. Baba Padri, nanyi wachungaji mliokubali leo kukaa naye benchi moja. Viongozi wa ndugu zetu wa Burundi, mliotoka kambini kwa miguu tangu alfajiri. Mama Marie-Goreth, Rais wa Ushirika. Wageni waalikwa kutoka Baraka, ambao vumbi la pikipiki bado liko kwenye kola zenu. Na ninyi akina mama wa mabwawa ya kuloweka muhogo, ambao protokole imewaandika mwisho na kuwaketisha juani: nawasalimu nyote, na ninaomba ruhusa ya kusema nikiwa nimekaa. Miguu yangu imekwisha kuaga kabla yangu.

Nimepewa dakika kumi. Mtu wa umri wangu akipewa dakika kumi, hutumia tano kutafuta miwani. Lakini leo sina karatasi. Niliandika hotuba nzuri ya kuwashukuru kwa heshima mnayotaka kunipa, nikaisoma asubuhi mbele ya bata wangu, nikaona haya kuisoma mbele ya watu. Nimeiacha nyumbani.

Tumekusanyika hapa Lweba kufungua nyumba ya mbegu. Humu vipande vya muhogo usiougua vitalazwa kivulini, na mkulima yeyote, awe mwenyeji awe mkimbizi, atachukua fungu lake na kuambiwa, kwa lugha anayoisikia, namna ya kulipanda. Juu ya mlango fundi Henri amekwisha kuchora herufi kwa chaki. Ngazi yake imeegemea ukuta, na mkebe wa rangi ya bluu uko wazi. Wenye macho mazuri wanasoma: NYUMBA YA MBEGU YA MZEE ANATOLE. Anatole ndiye mimi. Nimekuja kuomba zile herufi zisipakwe rangi.

Mkuu wa Sekta, naona umeinama kumnong'oneza jirani yako. Nivumilie. Si ugonjwa unaosema. Ni kweli daktari wa Baraka alinisikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akaanza kuniuliza habari za wajukuu. Nami ni mtu wa shule, nikaelewa. Lakini kichwa changu ni kizima, ila tu siku hizi kinaishi sehemu mbili.

Nalala mchana. Baada ya chakula nalala karibu na mlango ulio wazi upande wa ziwa, na ndoto hunijia ileile. Ule ua wa fito uliozunguka bata wangu unang'oka. Fito moja moja zinatoka ardhini na kushuka polepole kuelekea majini, majani yakiwa yamenyooka, bila doa, kama watu wanaokwenda kubatizwa. Hazina haraka. Nazifuata, nataka kuziita zirudi, lakini sijui majina yao. Tukifika penye bwawa naona jiwe, na juu ya jiwe mtu amekaa, amenipa mgongo. Namjua kwa kitambaa chake cha kichwani. Ninaamka kila siku kabla hajageuka.

Mtu huyo ni mke wangu, Constance. Wengi wenu mlimzika pamoja nami miaka miwili iliyopita, na wengi wenu mlimjua kwa jina jingine, jina la utani ambalo hata wajukuu zake walimwita nalo kwenye chakula: Mama Sumu. Leo nimekuja kuwaeleza jina hilo lilitoka wapi.

Nilikuwa agronome, bwana shamba wa sekta, kwa zaidi ya miaka thelathini. Mnakumbuka baiskeli yangu na mfuko wangu wa ngozi. Katika miaka hiyo niliandika ripoti nyingi, na karibu katika kila moja nilitia sentensi ileile, niliyoipenda kwa sababu ilinipumzisha: wakulima wa huku ni wagumu kubadilika. Niliiandika juu ya mahindi, nikaiandika juu ya maharage, nikaiandika juu ya muhogo. Nani angenibishia? Wale niliowaandika hawakuzisoma ripoti.

Miaka kama minane iliyopita, ndugu zetu wa Burundi walipokuwa wamevuka na kuanza kulima vibarua katika mashamba yetu, muhogo wetu wote ulikuwa mgonjwa. Vitabu vinauita ugonjwa ule mozaiki. Akina mama waliuita ukoma. Majani yalijikunja yakawa na madoa ya manjano, na mama akichimba shina zima alipata mizizi kama vidole vya mtoto. Mnaikumbuka bugali ya mwaka ule? Tulikula ndagala wengi wa ziwani na bugali kidogo, na hata watoto walijua kwamba mambo yamepinduka.

Ndipo shirika moja likaniletea gari lililojaa vipande vya muhogo mpya, muhogo usioshikwa na ukoma. Pamoja navyo lilinipa karatasi ya Kifaransa yenye picha, likaniambia: wewe ndiwe mdomo wetu. Nikazipeleka habari pale ambapo kwetu habari zote huanzia: lubunga, chini ya paa la wanaume, penye moto na vigoda na nafasi ya kubishana. Nilisema saa nzima. Nilitaja majina ya Kilatini. Mzee mmoja, sasa ni marehemu, aliinua kipande kimoja, akakipinda, akakitazama vizuri, akasema:

"Agronome, hii fito iko nguvu. Bata yangu haitatoka tena."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha kila mmoja akabeba fungu lake kwenda kwake.

Ndugu zangu, ni nani kwetu anayepanda muhogo? Ni nani anayeuchimba, anayeuloweka, anayeuanika, anayeutwanga? Mwanaume wa kwetu hukutana na muhogo kwa mara ya kwanza ukiwa umekwisha kuwa bugali. Nami, mtu wa shule, mtoto wa mama aliyenilea kwa muhogo, nilichukua habari ya muhogo nikaipeleka mahali ambapo mwanamke haingii kukaa, na mkimbizi hata hapajui palipo. Haikunipitia kichwani kwamba nimekosea mlango. Hivyo ndivyo habari zilivyotolewa tangu babu zetu.

Wiki ile Lweba ilipata nyua nzuri za bata kuliko wakati wowote katika historia yake. Mimi mwenyewe nilizungushia bata wa Constance. Nilimwambia mke wangu fito zile ni muhogo gani, nikamwonyesha na ile karatasi, nikasema tutaupanda shambani mvua ikikolea. Kisha nikaliandikia shirika kwamba vipande vyote viko ardhini. Haukuwa uongo. Vilikuwa ardhini, vinalinda bata.

Kipande cha muhogo hakijui kama kimepandwa shambani au kimechomekwa uani. Kikipata mvua huota. Miezi ikapita, nyua zetu zikachipuka, na katikati ya kijiji ambacho mashamba yake yote yalikuwa ya manjano, bata wakawa wanaishi ndani ya duara la kijani ambalo lilipendeza hata kuliko bustani ya misioni. Tulipita hapo kila siku, watu na heshima zetu. Hakuna aliyesimama.

Akasimama mwanamke mmoja.

Mama Marie-Goreth, mnayemwona leo kwenye kiti cha Rais, wakati ule alikuwa akilima kibarua kwa jirani yangu na kuloweka muhogo wake mwembamba katika bwawa lililo chini ya nyumba yangu. Alikuwa na mume, Claver, mtu mpole aliyejua kushona viatu, na watoto watatu. Asubuhi moja alitua kikapu chake mbele ya ua wangu, akashika jani, akaligeuza, akaliangalia chini na juu. Mimi nilikuwa nimekaa barazani na chai yangu. Akaniamkia kwa magoti, kisha akauliza:

"Muzee, hii miti ya uwa ni muhogo ya wapi? Majani yake haina ukoma hata kidogo."

Lilikuwa swali nililolingojea kwa miaka thelathini. Hakuna mkulima aliyewahi kuniuliza swali safi namna ile. Na ningeweza kumjibu kwa sentensi moja: kata fito kumi, mama, upande, macho ya fito yakitazama juu. Sentensi moja tu.

Kwa nini sikuisema? Nimejiuliza mchana mwingi, mlango ukiwa wazi. Sababu ya kwanza ni aibu: akichukua, wengine wataona; wakiona, wataulizana; na shirika litajua kwamba muhogo wao umekuwa ua wa bata, na kwamba Agronome Anatole aliuona akanyamaza. Sababu ya pili ni mbaya zaidi, nami sijawahi kuitamka kanisani wala mahali pengine. Nilimwangalia yule mwanamke, mgeni, mikono yake ina tope, ananitazama kama mtu anavyotazama kitabu, nikaonja utamu wa kujua kitu asichokijua. Nikataka utamu ule ukae kidogo.

Nikamwambia:

"Ile si ya kula, mama. Iko na sumu. Hata ukiloweka juma nzima, sumu haitoke. Batoto batakufa."

Ninyi mnajua kwamba ulikuwa uongo wenye miguu, kwa sababu upo kweli muhogo mchungu unaodhuru usipolowekwa vizuri. Marie-Goreth aliliachia lile jani haraka, akafuta mkono wake kwenye kitenge. Kisha akanijibu neno ambalo linanirudia hata nikiwa nakunywa maji:

"Aksanti, muzee. Mungu akubariki. Nitabaambia na benzangu."

Na akawaambia. Wazee wa lubunga, sikilizeni jambo hili, maana ndilo somo pekee nililolipata katika kazi yangu yote. Miaka thelathini nilikuwa nikitangaza kweli, kwa baiskeli, kwa barua, kwa mikutano yenye soda, nayo haikuvuka kijito. Uongo wangu mmoja ulishuka bwawani asubuhi, na kabla ya Jumapili ulikuwa umefika kambini, umefika soko la Baraka, umenipita njiani. Nilikwenda Baraka kuwaona watoto wa dada yangu, na shemeji yangu akanionya kwa upole nichunge wajukuu wasiguse ua wa bata. Kumbe njia ilikuwapo wakati wote. Ilikuwa pale chini, penye mabwawa, ambako akina mama hukaa siku tatu nne wakingoja muhogo ulainike, wakipeana habari za homa, za bei, za ndoa, na za Mungu. Wala haikuwa njia ya siri. Mimi tu sikuwahi kuona kwamba ni njia.

Kisha wakafanya kile ambacho mama yeyote mwenye watoto angefanya. Walikwenda nyumba hadi nyumba, wenyeji na wakimbizi pamoja, kwa mara ya kwanza bila kugombania kisima, wakang'oa zile fito katika kila ua na kuzichoma. Wanaume walilalamika kwa ajili ya bata. Moshi ulikaa juu ya Lweba siku mbili, mzuri, wa buluu, ukielea kuelekea ziwani. Mimi niliutazama kutoka barazani. Walipofika kwangu niliwaambia wauache, nitauondoa mwenyewe. Wakaniamini hata hilo.

Wagumu kubadilika? Katika siku mbili walibadilisha kijiji kizima, kwa neno moja kutoka kwa mtu waliyemheshimu. Hawakuwahi kukataa, ndugu zangu. Hawakuambiwa.

Msimu ule ukapotea. Mashamba yakarudia kupandwa vipande vilevile vya ukoma. Claver aliposhindwa kulisha watoto kwa sindano ya viatu, akafuata wengine Lulimba kuchimba dhahabu. Alipopita kwangu kuniaga alinishonea ukanda wa kandambili, akakataa malipo. Miezi minne baadaye shimo likaanguka.

Siku habari ilipofika, ilifika kama zinavyofika zote, bwawani. Nilisikia kilio kikipanda kutoka chini. Nami, kwa sababu nisizozijua, sikuteremka; nilikwenda nyuma ya nyumba, nikachimba chini ya fito moja ya ua wangu, fito mojawapo ya zile nilizoziokoa. Mzizi uliotoka ulikuwa mnene kama paja la mtoto. Ulikuwa mweupe, mzima, umeiva. Nikaufukia tena.

Constance aliniona nikifukia. Kisha pale msibani alisikia wanawake wakionyana kwamba hata kwa njaa hii mtu asijaribu ua wa Agronome, maana una sumu, mzee mwenyewe amesema. Alirudi nyumbani kimya. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka arobaini na moja, katika vita na katika ukimbizi, na kimya chake nilikifahamu kuliko maneno yake. Alinitazama mara moja tu, akaenda kutandaza nguo.

Msiba ulipokwisha, asubuhi moja aliamka kabla yangu, akachimba, akamenya, akachemsha. Akakata majani ya ua uleule, akatwanga sombe. Akajitwisha sufuria, akashuka bwawani, akakaa juu ya lile jiwe ambalo akina mama huwekea vikapu, akaanza kula.

Nilipoamka na kukuta nyumba tupu, nilimfuata. Nilifika nyuma ya matete, hatua kumi kutoka kwao, nikasikia sauti zao, nikasimama. Wanawake walikuwa wamemzunguka kwa mbali, kama watu wanavyozunguka nyoka. Mmoja akamwuliza kama atakufa sasa au kesho. Constance akajibu, mdomo umejaa:

"Nikikufa mulie kidogo tu, sijamaliza kufua nguo ya muzee."

Kicheko kikatoka, kidogo, cha woga. Akawaambia watazame bata: wamekula majani yale mwaka mzima, na wamenenepa kuliko wachungaji. Akawaambia ni muhogo mzuri, ulioletwa kwa ajili yao, usioshikwa na ukoma. Ndipo Marie-Goreth, kitambaa cha msiba bado kichwani, akauliza kwa nini basi mzee alisema ni sumu.

Nilishika tete moja kwa mkono. Nilisema moyoni: sasa. Atasema sasa, na ni haki.

Constance akasema:

"Muzee hana kosa. Ni mimi nilisoma mubaya ile karatasi, nikamudanganya. Mimi niliishia darasa la sita, munajua Kifaransa yangu."

Ndugu wageni, ningeweza kutoka katika matete yale. Zilikuwa hatua kumi. Nilikuwa na nguvu za miguu wakati ule. Niligeuka, nikarudi nyumbani, nikawapa bata maji.

Yeye alikaa juu ya jiwe mpaka jua lilipokwenda nyuma ya milima, ili waone kama atakufa. Watoto waliotoka shule walikuja kumtazama. Wanawake wengine walileta kazi zao karibu, wakamenya huku wakimchungulia. Hakufa. Jioni alivunja fito kwa mkono wake, akamgawia kila mmoja, akianza na Marie-Goreth, akawaonyesha macho yakae juu. Na kutoka siku ile aliitwa Mama Sumu. Walimwita kwa kumpenda, najua. Lakini ndani ya jina kulikuwa na kicheko kwa mwanamke asiyejua Kifaransa, na kwa ajili ya kutojua kwake Marie-Goreth alipoteza msimu mmoja, na katika msimu ule alipoteza mume. Constance alilijua hilo. Alilibeba miaka sita. Shirika liliporudi na kukuta muhogo mzima kuanzia hapa mpaka karibu na Baraka, cheti kiliandikwa jina langu, nami nikakitundika ukutani, juu ya kitanda tulicholala wote wawili. Hakunilaumu hata siku moja. Alifuta vumbi la kile cheti kila Jumamosi.

Pale makaburini mtu wa kwaya alisema: Mama Sumu ametuachia chakula. Watu wakacheka katikati ya machozi. Nami nilicheka.

Wengine mtasema, mzee, wewe nawe ulikuwa mkimbizi, ulijua uchungu wake. Ndiyo, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Tulipokuwa ng'ambo, upande wa Kigoma, nikihangaika na shamba la kuazima, bibi mmoja mwenyeji alinipigia kelele kutoka barabarani kwamba napanda viazi kama mtu anayezika maiti. Aliingia shambani bila kuombwa, akanionyesha, akaniachia na marando yake, akaondoka hata bila kuniuliza jina. Tulikula viazi vyake mpaka tuliporudi nyumbani. Yeye hakuwa na diploma. Kwa nini neno lake lilivuka mpaka bure, na langu halikuvuka baraza?

Jumapili iliyopita nilimwita Mama Marie-Goreth nyumbani, nikamweleza yote haya. Alisikiliza bila kusogea. Sikumwomba anisamehe, niliona kwamba ingekuwa kumwomba anipe tena kitu. Halafu aliniuliza: "Ile miaka yote nilimucheka mama asiye na kosa?" Nikasema ndiyo. Akasimama, akafunga kitenge chake, akasema neno moja la mwisho:

"Uongo yako ilipita mu kinywa yangu. Kweli ipite mu kinywa yako, mbele ya bote."

Akaenda. Juzi niliwaona wanawake wanne wakipanda kutoka bwawani na kitu kizito ndani ya machela ya kubebea wagonjwa. Leo nilipofika nimekiona kimewekwa pale, kando ya mlango, chini ya ngazi ya Henri. Ninyi mlidhani ni jiwe la kupumzikia wazee. Mimi sikuuliza. Nimeelewa kwamba ni kiti changu.

Basi yamepita kinywani mwangu. Mheshimiwa Msimamizi, nimezidisha dakika, nisamehe. Nilizidisha miaka kabla ya kuzidisha dakika.

Nawashukuru akina mama wa mabwawa, kwa sababu kazi niliyolipwa kuifanya, ninyi mliifanya bila kulipwa. Katika sheria za nyumba hii Mama Marie-Goreth ameandika kwamba habari ya kila mbegu mpya itasemwa kwanza bwawani, ndipo ipande lubunga. Wazee wenzangu, najua jambo hilo limewachoma. Liacheni liwachome. Hakuna mkutano tulioufanya uliofika mbali kama kicheko cha wale wanawake.

Fundi Henri, chukua kitambaa chenye maji ufute jina langu. Sina haki ya kuchagua litakaloandikwa. Ushirika una Rais, yeye ataamua. Ninaomba tu, kama mtu anavyoomba maji, kwamba pale makaburini na penye mabwawa na jikoni kwenu, mke wangu aitwe Constance. Jina lile jingine ni langu. Anayependa kuendelea nalo aniite Mzee Sumu, nitaitika.

Na sasa mtanisaidia kutembea hatua hizi chache mpaka kwenye jiwe. Nitakaa pale mpaka jua lipite nyuma ya milima, kama alivyokaa yeye, ili mnitazame. Mwenye neno la kunikemea aje aseme. Mwenye swali kuhusu muhogo aje aulize, mwenyeji na mgeni, nitamjibu kweli kwa kadiri ninavyojua, na nisipojua nitasema sijui. Mkiona kichwa changu kimeinama, msiniamshe. Huenda leo akageuka.

Asanteni kwa kuniazima masikio yenu. Nayarudisha nikiwa nimeyatumia, safari hii, kwa kweli.